MUHURI MFUKONI, JOGOO TUMBONI

"Muhuri haupo, Bibi. Katibu kaenda nao msibani Kinyangiri."

Hivyo ndivyo mwenyekiti wa timu alivyonijibu, wajukuu zangu. Macho makavu! Mkononi kashika paja la kuku, midomo inang'aa mafuta.

Na mimi namwangalia kifuani...

Alivaa shati jeupe. Mfuko wake wa kushoto umelowa wino wa zambarau. Doa la duara, na linazidi kutanuka.

Muhuri ulikuwa mfukoni mwake! Unamvujia kama mtoto aliyevalishwa nepi mbovu!

Ilikuwa Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri. Dirisha la usajili linafungwa saa kumi na mbili jioni. Mjukuu wangu yuko nje getini, kashika barua kwa mikono miwili kama kashika mtoto mchanga.

Na lile paja?

Yule jogoo namjua. Nilimlea mimi mwenyewe tangu yai.

Kaeni chini niwaeleze alifikaje kwenye sahani ile. Mkimaliza mtanitukana, ruhusa mnayo.

* * *

Mimi naitwa Bibi Yunisi, mtu wa Mgori. Nilikuwa mpishi wa kambi ya timu ya mpira ya wasichana pale Singida mjini. Jina la timu silitaji, maana mwenyekiti naye ana simu, na kusoma anajua, japo kwa kufuata na kidole. Hapa nitaiita Kitunguu Queens. Kwetu vitunguu vinalimwa sana, na timu ile imewaliza watoto wa watu wengi.

Mjukuu wangu Loyce alikuwa straika wao. Miaka ishirini na mbili, miguu mirefu, maneno machache. Wazazi wake walishatangulia, nimemkuza mimi.

Msimu uliopita alicheza mechi tano, akafunga magoli sita. Halafu... benchi!

Kosa lake nini? Timu ilisafiri, wasichana wakalazwa kwenye sakafu ya darasa bila hata mkeka. Asubuhi Loyce akauliza mbele ya watu wote:

"Mwenyekiti, na wewe umelala sakafuni?"

Basi. Mechi kumi na nne mfululizo hakugusa mpira. Benchi likashika umbo lake.

Mwenyekiti, hapa nitamwita Chediel, akasema kwenye kikao: "Yule wa maswali akipata timu, mpeni barua aende. Sitaki kumwona."

Hayo maneno yashikeni. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema.

Sasa Jumanne ya wiki ile ya mwisho ya dirisha, Loyce yuko jikoni kwangu ananisaidia kuchambua maharage. Simu ikaita.

"Loyce? Mimi Editha, meneja wa timu ya Kahama. Straika wetu kaumia goti. Unataka kucheza?"

"Nataka, dada!"

"Nakuweka kikosi cha kwanza. Ila uachiwe huko kwenu. Nitumie picha ya barua ya kuachiwa, yenye muhuri, kabla ya Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Ikipita dakika moja mfumo umefungwa, sina la kukusaidia mpaka dirisha dogo la Januari. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, dada."

Mtoto akaruka juu! Ungo ukaenda huku, maharage kule. Sikumgombeza. Tangu wamweke benchi sikuwa nimeona meno yake ya nyuma.

Ila mimi na ushamba wangu nikauliza.

"Hivi Loyce, mtu akitaka kuhama kazi anangoja dirisha?"

"Ndiyo, Bibi. Mpira una dirisha. Likifungwa, hakuna timu inayoweza kukusajili."

"Na sisi wapishi?"

"Nyie mna mlango, Bibi."

Tukacheka. Tulicheka sana siku ile...

* * *

Katibu wa timu ni Gaspari, kijana mpole, wa kuogopa hata kivuli chake. Muhuri anautunza yeye kwenye droo ya ofisi. Jumatano akaandika barua, akatia saini, akamwita Loyce pembeni. Mimi nilikuwa namenya viazi karibu, na masikio yangu hayajazeeka.

"Kesho saa nne njoo ofisini nikugongee muhuri," Gaspari akanong'ona. "Uchukue barua, uende zako. Usipite kwa mtu."

Usipite kwa mtu?

Hapo ndipo uzee wangu uliponipanda kichwani!

Kwetu binti haondoki kwenye nyumba aliyokula bila kumuaga mwenye nyumba. Unakwenda na kitu mkononi. Unapiga goti. Unataja unakokwenda. Unabarikiwa. Ukitoka kimyakimya kama mwizi, siku ukipata shida huko mbele watu wanasema: si aliondoka bila kuaga?

Nikamwita jikoni.

"Kesho, kabla ya kwenda kwa katibu, utakwenda kumuaga mwenyekiti."

"Bibi! Yule si baba yangu. Ni mwajiri."

"Umekula ugali wake miaka mitatu!"

"Ugali umesonga wewe!"

"Usinijibu! Utamchukua yule jogoo mwekundu, tutakwenda wote."

"Bibi, katibu kasema nisipite kwa mtu..."

"Katibu ndiye aliyekulea?"

Akainamisha kichwa. Mtoto niliyemkuza mimi hanibishii mara mbili. Siku ile natamani angenibishia mara kumi.

Msinitukane bado. Wekeni akiba.

Alhamisi asubuhi tukafika kwa mwenyekiti. Akaja mbio kutupokea.

"Shikamoo, Bibi Yunisi!"

"Marahaba, Chediel mwanangu."

Loyce akapiga goti, jogoo kwapani.

"Baba mwenyekiti, nimekuja kuaga."

"Oho! Unakwenda wapi, mwanangu?"

Loyce akanitazama. Mimi nikamkonyeza: sema! Kuaga bila kutaja uendako si kuaga.

"Kahama, baba."

Jicho la kushoto la Chediel likacheza. Kidogo tu. Nikadhani vumbi...

"Kahama! Si ndio tunafungua nao ligi wiki ijayo?"

"Ndiyo, baba."

"Vizuri sana! Vizuri sana, mwanangu!"

Akaagiza maji. Akachukua funda moja mdomoni, akampulizia Loyce kifuani kama wazee wanavyobariki. "Nenda. Ukafunge mpaka nyavu zichoke."

Mimi mjinga nikafuta machozi kwa kanga.

Akampokea jogoo, akampima kwa mkono. "Bibi, huyu mzito!"

"Analishwa mashudu ya alizeti huyo," nikajigamba.

Tukaondoka taratibu. Nilikuwa natembea kifua mbele kama mama wa bibi harusi. Kufika ofisini ni saa tano kasoro. Gaspari kasimama mlangoni, uso umempauka.

"Droo iko wazi, haina kitu," akasema. "Mwenyekiti kapiga simu sasa hivi. Katuma pikipiki ikachukua muhuri."

Kisha akampa mjukuu wangu ile barua, haina muhuri.

"Loyce... ulipita kwa mtu?"

Loyce alinitazama mimi.

* * *

Alhamisi ile yote tukamtafuta Chediel. Simu imezimwa. Nyumbani wanasema yuko kikaoni. Jioni Gaspari naye akatumwa Kinyangiri kuiwakilisha timu kwenye msiba. Nikampigia huko huko.

"Bibi, mimi muhuri sina. Anao yeye. Naomba usiseme nimekwambia mimi."

Ndiyo maana Ijumaa ile saa tisa na nusu nilikuwa nimesimama mbele ya sahani ya jogoo wangu, naambiwa muhuri uko msibani.

"Chediel mwanangu," nikamwambia kwa upole, "hicho kifuani ni nini?"

Akajitazama. Akashtuka. Akafunika kwa kiganja.

"Hii... juisi ya zabibu, Bibi."

"Juisi ya zabibu ina maandishi?"

Maana duara lilishajichora lote kwenye shati, na jina la timu limejipanga humo, kinyumenyume lakini linasomeka. Darasa la saba langu la zamani linanitosha kusoma kifua cha mtu!

Akaweka paja chini. Akafuta mikono. Hapo sura ya shikamoo ikaondoka, ikaja nyingine.

"Kaa ule, Bibi."

"Sikuja kula. Gonga muhuri!"

"Nimpe Kahama straika, halafu wiki ijayo aje anifunge mimi? Wewe ungefanya?"

"Mechi kumi na nne hujamchezesha!"

"Simchezeshi. Lakini na wao wasimchezeshe."

"Ulisema kikaoni apewe barua aende!"

"Aende, ndiyo. Sikujua anakwenda Kahama. Mmekuja kuniambia wenyewe."

Wajukuu zangu... mimi ndiye niliyemkonyeza aseme!

"Ulimbariki, Chediel. Ulimpulizia maji."

"Nilimbariki, na baraka iko palepale. Muhuri ni kitu kingine."

Loyce alikuwa ameshaingia. Sijui alisikia kuanzia wapi. Akapiga goti kwenye saruji.

"Baba, kama ni lile swali la sakafuni nisamehe. Sitauliza tena."

Chediel akacheka.

"Lile swali zuri. Sikukujibu siku ile, leo nakujibu. Mimi nililala kitandani."

Nilimrukia!

Miaka sitini na tisa, magoti yote mawili mabovu, nikamrukia kama kuku mwenye vifaranga! Nikashika mfuko, nikavuta, kitambaa kikachanika... Muhuri nikaugusa! Nimeugusa kabisa kwa vidole vyangu! Mkewe akanikumbatia kwa nyuma, akaninyanyua kama debe tupu, akaniweka nje ya geti.

"Pole, Bibi," akasema yule mke, akafunga.

Vidole vyangu vitatu vilibaki vya zambarau siku nne. Kila nikisonga ugali naviona.

Saa kumi na moja na nusu, Editha akapiga.

"Loyce, nakungoja wewe tu. Picha iko wapi?"

"Dada... muhuri..."

"Muhuri nini?"

"Wamekataa."

"Jaribu! Nusu saa bado ipo!"

Tukagonga geti. Tukagonga kwa mawe. Ndani wakaongeza sauti ya redio.

Saa kumi na mbili na dakika mbili simu ikaita tena. Editha alisema kwa sauti ya chini sana.

"Mfumo umefungwa, mdogo wangu. Pole."

Loyce akakaa chini, mgongo kwenye geti. Hakulia. Afadhali angelia. Aliikunja ile barua mara nne, mpaka ikawa ndogo kama kipande cha sabuni, akanipa.

"Bibi, nani aliniambia nikaage?"

Nikaifunga kwenye pindo la kanga. Mpaka leo ninayo.

* * *

Mnadhani imeisha? Hata!

Jumatatu asubuhi Gaspari akaja kambini na bahasha. Hatazami mtu.

"Loyce, barua yako hii."

Tukaifungua. Barua mpya. Ina muhuri! Umegongwa vizuri, wa zambarau, katikati kabisa! Na tarehe: ya Jumatatu ile ile.

"Kuanzia leo umeachiwa rasmi," Gaspari akasoma kama anatangaza matanga. "Mwenyekiti kasema utoe vitu vyako kambini kabla ya chakula cha mchana."

"Ngoja," nikasema. "Yaani mtoto sasa yuko huru?"

"Huru kabisa, Bibi. Hana mkataba na mtu."

"Basi aende Kahama!"

"Hawezi. Dirisha limefungwa."

"Arudi kwenu basi acheze!"

"Hawezi. Ameachiwa."

"Sasa huo uhuru anautumia wapi, Gaspari? Anaupika?"

Gaspari akaondoka akiangalia viatu vyake.

Mmeona uchungu wake? Yule mtu hakuvunja sheria hata moja! Alingoja tu. Alikaa na muhuri siku mbili, akala jogoo, mfumo ukamfanyia kazi. Kumlisha hataki, kumchezesha hataki, na kwenda kwingine asiende!

Nikatafuta namba ya ofisi ya mpira, nikapiga kwa vocha yangu. Akapokea kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hilo dirisha lenu alilitengeneza fundi gani?"

Akacheka kidogo, halafu akanieleza kwa utaratibu. Kwamba dirisha lisipokuwepo, timu zenye pesa zitakuja katikati ya ligi kuzoa wachezaji wa timu ndogo. Wiki mbili kabla ya fainali straika wako anahamia kwa unayecheza naye. Kwamba ligi itakuwa mnada wa ng'ombe. Kwamba dirisha linazilinda timu ndogo kama ya kwetu.

Nikaona ana hoja. Ndiyo maana nikazidi kumchukia.

"Sawa. Timu inalindwa. Na mchezaji analindwa na nani?"

"Bibi, Januari siyo mbali."

"Wewe mwanangu, ukifukuzwa hapo ofisini leo, utakaa nyumbani mpaka Januari ndipo uruhusiwe kuomba kazi?"

Nikamsikia anafunua karatasi.

"Au mwanasheria wenu je? Dereva wenu? Anayewapigia deki je, naye ana dirisha?"

"Bibi... naona mtandao unakatika..."

Ukakatika kweli. Mitandao ya maofisini inajua wakati wa kukatika.

Mimi mume wangu wa kwanza nilimwacha mwezi wa tatu, mwezi wa tano nimeshaolewa na wa pili. Hakuna mfumo uliofungwa! Na ndoa ndiyo niliambiwa ni ya milele. Mtoto anayepiga mpira kwa mkataba wa mwaka mmoja ndiye anafungiwa.

* * *

Jumanne, kocha akafunga begi.

Kocha Hosea. Yeye ndiye alikuwa anamwambia Loyce kila siku: "Vumilia, mpira ni uvumilivu." Nikamkuta anaingiza viatu kwenye mfuko wa rambo.

"Kocha, safari?"

"Kahama, Bibi. Wamemfukuza kocha wao jana, wameniita leo."

"Wiki hii? Ligi inaanza Jumamosi!"

"Ndiyo hivyo. Mchongo umetokea."

"Na dirisha?"

"Makocha hatuna dirisha, Bibi."

Akasema bila hata haya! Akanipa mkono, akapanda bodaboda kwenda stendi. Anakwenda kule kule, kwa Editha yule yule, siku nne baada ya mtoto kuzuiwa. Na siri zote za timu kaondoka nazo kichwani! Loyce angeondoka na njumu tu.

Loyce bado alikuwa kwangu. Vitu vyake nilivificha stoo ya jikoni, kati ya gunia la unga na la mkaa, na yeye analala hapo. Alikuwa ameacha kuongea. Nikimuuliza "umekula?" anatikisa kichwa, sijui ni ndiyo, sijui ni hapana.

Alhamisi simu yangu ikaita. Hosea!

"Bibi Yunisi, shikamoo! Bibi, huku chakula hakiliki. Wasichana wanaharisha. Nimewaambia habari zako. Meneja anasema uje kesho, nauli wanatuma sasa hivi."

"Mimi?"

"Wewe!"

"Nije Kahama, kesho?"

"Kesho!"

"Na dirisha je, kocha?"

"Dirisha gani, Bibi? Wewe ni mpishi!"

Nilianza kucheka. Nikacheka... nikacheka... mpaka nikakaa chini kwenye kuni. Kicheko kikageuka, sijui saa ngapi, nikajikuta nalia makamasi.

Timu ya Kahama ilitaka mtu mmoja kutoka Singida, mwenye miaka ishirini na mbili na miguu mirefu. Ikashindikana. Sasa inamsajili bibi yake mwenye magoti mabovu, katikati ya wiki, bila muhuri, bila barua, bila picha!

Kugeuka, Loyce kasimama mlangoni mwa stoo. Amesikia yote.

"Nenda, Bibi," akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu Jumatatu. "Wewe una mlango."

Sikwenda Kahama. Ningewapikiaje wale wasichana, nikijua kiti kimoja pale mezani kilikuwa cha mjukuu wangu?

Lakini kwa Chediel pia sikubaki.

Jumamosi asubuhi, siku ya mechi, niliwapikia wasichana uji wa mwisho, maana wao hawana kosa. Walipomaliza nikaosha sufuria. Sufuria zile ni zangu, wajukuu zangu. Zote tisa! Mwiko wangu. Karai langu. Nikakodi guta la mizigo, nikapakia, na Loyce juu yake na begi lake. Tukaelekea Mgori.

Saa tano Chediel akapiga.

"Bibi Yunisi! Wachezaji hawana chakula! Umeondoka bila kuaga?"

"Mwanangu, niliaga mara moja. Jogoo akaisha."

Nikakata.

Mnangoja niwaambie Kitunguu Queens walifungwa siku ile? Na mimi nilingoja hivyo hivyo, redio sikioni. Walishinda. Bao moja kwa bila. Mtangazaji akasema Kahama walikosa mmaliziaji. Chediel alicheza uwanjani kwa furaha mpaka akaanguka, watu wakamnyanyua. Alipata alichokitaka.

* * *

Miezi ile mitano Loyce alilima na mimi. Asubuhi jembe, jioni mpira. Alikuwa anapiga mpira kwenye ukuta wa zizi, pu... pu... pu..., mpaka ng'ombe wakazoea. Ukuta hauna mwamuzi, hauna goli. Nilimwona anapungua kasi. Mimi sijui mpira, lakini mtoto niliyemkuza namjua anavyokimbia.

Heshima aliniwekea. Shikamoo kila asubuhi, maji ya kuoga tayari, kuni tayari. Ila kucheka hapana. Na chini ya mto wake alikuwa na ile barua ya Jumatatu.

Desemba mwishoni akampigia Editha.

"Mdogo wangu, pole. Tumeshapata mwingine, anafunga vizuri. Nafasi imejaa."

"Sawa, dada. Asante."

Akatoka nje. Pu... pu... pu...

Dirisha dogo likafunguliwa. Mimi, kwa siri, nilikuwa nimeshalea jogoo mwingine. Huyu si wa kumpelekea mtu! Nilisema: siku Loyce akipata timu, yoyote ile, nitamchoma huyu, nimfungie kwenye kitambaa, ale njiani. Nikasema siku hiyo ataniaga, nami nitamwomba msamaha vizuri. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote. Sikuwahi kuyasema, nilikuwa nangoja siku hiyo.

Siku moja nikatoka alfajiri kwenda kuni kwenye msitu. Kurudi, saa nne.

Maji ya kuoga tayari. Uji mezani, umefunikwa.

Kitanda kimetandikwa.

Njumu hazipo msumarini. Begi halipo. Chini ya mto, barua haipo.

Nikazunguka nyumba nikiita "Loyce! Loyce!" mpaka majirani wakatoka.

Siku ya tatu ndipo simu ikaita.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu! Uko wapi?"

"Nimeshasajiliwa, Bibi. Mfumo umekubali leo asubuhi. Nilitaka usajili uingie kwanza ndipo nikwambie."

"Wapi? Timu gani?"



"Nitakwambia nikishacheza."

"Loyce... hata mimi? Hata mimi hukuniaga?"

Nilimsikia anavuta pumzi. Hakuwa na hasira, wajukuu zangu. Sauti yake ilikuwa ya upole, na hapo ndipo iliponichoma zaidi.

"Bibi, mara ya mwisho niliaga."

Simu ikakatika.

Basi somo nawapa, lichukueni, mimi limenigharimu. Mwajiri si mzazi wako. Ukimpelekea jogoo atamla, na atakubariki mdomo ukiwa na mafuta. Pata muhuri kwanza. Ingia kwenye gari. Fika. Heshima ya kuaga waachie wanaokutakia mwendo mwema. Na nyie wazee wenzangu, mtoto akikwambia "yule si baba yangu, ni mwajiri", mwamini.

Na nyie wakubwa wa mpira, mkikutana huko kwenye viti vyenu laini, ulizaneni: dirisha linalofungwa kwa mtoto mwenye njumu, mbona kocha na bibi mpishi wanapita?

Matusi sasa ruhusa. Andikeni hapo chini, nitasoma yote.

Jogoo bado yuko. Sijamchinja. Kila alfajiri anawika kwenye dirisha la chumba cha Loyce. Kitanda kile sijakigusa.